Buti la Kapteni Quintric

Mkimsikia padri akihubiri kwamba Rasi ya Mikunga iliasisiwa na Kapteni Hervé Quintric de Kerbaz baada ya kusali, kutafakari na kupima upepo, itikieni amina kwa adabu, kisha mje jikoni kwangu niwaambie ilivyokuwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sufuria.

Naitwa Mathurine Lebrasseur. Ni mpishi, tena ni mkunga. Watoto wote wa kijiji hiki nimewapokea kwa mikono hii, na kwa mikono hii hii ninawachuna na kuwakausha mikunga wa mtoni, wale samaki warefu kama kamba wanaotulisha majira yote ya baridi. Mkunga wa Rasi ya Mikunga. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Kwanza jina lake. Quintric lilikuwa la baba yake, fundi mapipa wa Saint-Malo, mtu wa heshima zake. Hilo la "de Kerbaz" alijiongezea mwenyewe, maana kwetu Ufaransa ukiwa na "de" katikati ya jina watu wanakupisha mlangoni. Kerbaz mimi nimefika. Ni kiwanja cha shangazi yake, nguruwe watatu na mtofaa mmoja, na ukijinyoosha kulala, miguu inatokea kwa jirani.

Alikuwa karani kwenye meli za samaki wa chumvi hadi siku alipomsikia baharia mmoja mlevi akisema kwamba katika nchi mpya, ng'ambo ya bahari, uko mto unaokwenda moja kwa moja hadi China. Baharia alipata usingizi, akaamka, akasahau. Karani hakusahau. Alijifunza kumwinamia mfalme wa China, na aliyekuwa anainamiwa kwa mazoezi ni mjane mmoja muuza mvinyo, ambaye hatimaye alichoka akampa meli kuukuu ili aende zake. Mpishi aliyeajiriwa alitoroka alipoiona meli yenyewe. Mume wangu Urbain alikuwa mshona matanga wa safari hiyo, basi nikachukuliwa mimi. Tulikuwa wanaume kumi na wanne, mwanamke mmoja, na kofia yenye unyoya wa mbuni.

Mto tuliupanda siku kumi na moja. Kila tulipokata kona Kapteni alitangaza: "Nyuma ya kilima kile, China." Nyuma ya kilima kile palikuwa na kilima. Siku ya kumi na mbili, mwezi wa Septemba, maji yakapwa yeye akiwa amezama kwenye ramani, na meli ikakaa topeni kama kuku anayeatamia.

Ufukoni kulikuwa na watu. Hilo padri huwa halisemi. Walikuwa Wainnu, wenyeji wa nchi hiyo, familia kama sita, wamejenga nyua za fito majini za kunasia mikunga, na moshi wao wa kukaushia ulikuwa unapanda taratibu. Walikuwa wakija pale kila mwaka majani yanapoanza kuanguka, tangu enzi za babu wa babu zao. Mgeni mwenye akili angepiga hodi. Kapteni alipiga mzinga. Mbwa wakatimua mbio, watoto wakalia, na bibi kizee mmoja akaendelea kumchuna mkunga wake huku anatutazama, kama mtu anayetazama mvua ikianza.

Basi Kapteni akaruka kutoka melini, kofia kichwani, upanga kiunoni, akazama topeni hadi mapajani. Alivutwa. Mguu wa kulia ulitoka na buti, wa kushoto ukatoka na soksi. Akageuka, akawa ananyoosha kidole kwenye tope na kupiga kelele: "Hapa! Hapa, nasema! Hapa hapa!"

Wanaume walikuwa wamechoka. Miezi mitatu walikula biskuti zenye wadudu. Waliposikia "hapa", mmoja akasema, "Asifiwe Mungu," wakaanza kushusha mapipa. Mimi niliingia topeni nikapapasa. Nilipolipata lile buti na kulitoa kwa mikono miwili, mahema mawili yalikuwa yamesimama na shoka lilikuwa linalia msituni. Kapteni alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akatazama mahema, akatazama buti, akanitazama mimi.

"Wanafanya nini hawa?"

"Umesema hapa, Bwana."

Akajipangusa tope. Kisha akainyoosha kofia. "Ndiyo," akasema. "Nimesema hapa."

Na hivyo ndivyo miji inavyozaliwa, wapenzi wangu. Nimezalisha wanawake sitini na tatu, na wengi wa watoto wale walipangwa vizuri kuliko kijiji chetu.

Siku ya tatu ilikuwa ya sherehe. Kapteni alikuwa amekuja na bamba la risasi, madini laini yale yale ya risasi za bunduki, kutoka Saint-Malo, limechorwa maneno tayari, kwa sababu mafundi wa kuchora hawaoti porini. Desturi ni kwamba unasimika nguzo yenye nembo ya mfalme, unazika bamba chini yake, na nchi yote unayoiona inakuwa ya mfalme. Usiyoiona pia. Urbain alichimba shimo. Wanaume wakavua kofia. Kapteni akasoma karatasi ndefu kwa sauti ya kilio, maana alishikwa na mafua ya tope, machozi na makamasi yakimtiririka. Bamba likateremshwa polepole likiwa limefungwa kitambaa cheupe. Tukafukia, tukaimba.

Wainnu walitazama yote hayo kwa heshima kubwa. Tulipomaliza, akaja kijana mmoja, huyo ambaye baadaye alibatizwa akaitwa Shimun. Alibeba mikunga waliokaushwa, fungu zima. Akawaweka miguuni pa Kapteni, akamshika bega, akasema maneno machache kwa upole. Kapteni akaandika katika kitabu chake kwamba wenyeji wamemtii mfalme na kumletea kodi.

Miaka miwili ikapita, meli zikatuletea wanawake wengine. Shimun alikuwa amejifunza kwetu na mimi nimejifunza kwake, na siku moja tukiwa tunapanga mikunga juu ya moshi akaniuliza: "Mama Mathurine, yule mtu wenu mliyemzika siku ile, alikufa na nini?"

"Mtu gani?"

"Yule wa kitambaa cheupe. Kiongozi wenu alilia sana. Nikaleta rambirambi."

Nilicheka nusura nianguke motoni. Nikamwambia hakufa mtu, lile lilikuwa bamba.

"Mlizika bamba? Lilifanya nini?"

"Lina maneno ya mfalme."

"Mlizika maneno ya mfalme wenu?"

"Ndiyo."

"Mmefanya vizuri," akasema. "Lakini kwa nini?"

"Ili nchi iwe yetu."

Hapo naye akacheka, akacheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. "Yenu?" akauliza. Niliona aibu, nikajitia kuhangaika na moto.

Majira yale yale ya baridi tulikumbwa na njaa. Meli ya chakula haikufika, mikunga walikuwa haba, na theluji ilipanda hadi madirishani. Nitamsema Kapteni hadi niingie kaburini, lakini mwaka ule nilimwona. Fungu lake la mkate alilipeleka kwa wanawake waliokuwa wananyonyesha. Nilipomwuliza, alisema amekwisha kula, tena vinono. Alikuwa mwongo tangu utotoni, ila uongo wake wa mwaka ule ulikuwa neno moja tu: "Nimeshiba." Mkanda wake alitoboa matundu manne mapya.

Bunduki tulikuwa nazo, baruti tulikuwa nayo. Risasi zilikwisha. Shimun akaja na habari kwamba ameona nyayo za paa mkubwa wa huku, mnyama mrefu kuliko farasi, mwendo wa nusu siku. Urbain akanitazama. Nikamtazama. Mchana kweupe, Kapteni akiwa amelala na homa, mume wangu akawasha moto pale kwenye nguzo kuulainisha udongo, akachimba, akatoa bamba. Tuliliyeyusha kwenye sufuria yangu. Sisi hatujui kusoma, hatukujua tunayeyusha maneno gani. Bamba la risasi likawa risasi, risasi ikawa nyama, na nyama ikatufikisha Pasaka. Kapteni alikunywa mchuzi wake bakuli tatu, akasema mfalme hatutupi. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Tukafukia shimo na kunyamaza. Kijiji kikakua, padri akaja, kanisa likajengwa. Kapteni alipanda mizabibu ikafa, akapanda tena ikafa. Alikipa kijiji jina refu lenye mtakatifu, mfalme na ushindi ndani yake, na kila mtu akaendelea kusema Rasi ya Mikunga. Kila mwaka barafu ikiyeyuka alipanda mto kwenda China. Wiki ya pili alirudi, maana kulikuwa na maporomoko ya maji, na maporomoko hayakumjua yeye ni nani. Wahenga wamesema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwake ngamani ilikuwa jikoni kwangu, anakausha soksi.

Mwaka wa ishirini na mbili, mashua ya mwisho kabla ya barafu ilileta barua kutoka Quebec, mji anakokaa gavana. Tajiri mmoja wa biashara ya manyoya, jina lake Bouvelle, alikuwa amedai kwamba ukingo wetu wote ni wake, na kwamba sisi ni wavamizi. Mkaguzi angekuja na mashua ya kwanza baada ya baridi. Angefukua bamba na kulisoma mbele ya mashahidi. Likiwepo, tunabaki. Lisipokuwepo, nyumba zote kumi na nne, na mashamba, na nyua za mikunga, vinakwenda kwa Bouvelle, na sisi tunakwenda tunakojua.

Siku tatu niliunguza mkate. Watoto wote wale niliowapokea, watolewe nje kwa sababu ya mchuzi! Kapteni alikuwa na kikohozi kibaya tangu vuli, amelala kando ya moto wangu, amekonda. Siku ya nne nikajipa moyo.

"Bwana, kuhusu lile bamba."

"Lisifukuliwe," akasema upesi. "Mathurine, kwa vyovyote vile, lisifukuliwe."

"Halifukuliki, Bwana. Tulilila."

"Mlilila?"

"Kwanza tulilipiga kwa bunduki. Halafu tukala kilichoanguka. Wewe ulikula bakuli tatu."

Alinikodolea macho. Nilijua sasa nafukuzwa. Kumbe anacheka! Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, nikamshika kichwa asije akanifia.

"Miaka yote hii!" akasema. "Nilikwenda kulitoa mwenyewe mwaka wa nne, nikakuta shimo tupu. Tangu hapo silali vizuri. Nilidhani yuko mtu amelificha, siku moja atalisoma hadharani."

"Si kusoma ndiko tunakotaka?"

"Unajua limeandikwa nini?" Akafunika uso kwa shuka kama mtoto. "Kwamba mimi, Hervé Quintric de Kerbaz, nimefika pwani ya China na kuitwaa kwa jina la mfalme."

"Toba!"

"Nililichoresha kabla ya kuondoka. Nilikuwa na uhakika, Mathurine."

Bamba lisipoonekana, tumekwisha. Likionekana, tumekwisha na kuchekwa juu. Kuni zikapasuka motoni. Baadaye akafunua uso, na uso ulikuwa umetulia.

"Mkaguzi anaweza kufukua shimo," akasema. "Hawezi kufukua Mkristo."

Nilimwelewa, na sikupenda nilichoelewa. "Wewe huna haraka ya kufa, Bwana."

"Haraka sina. Lakini safari hii ramani naijua." Akajivutia shuka. "Lile la buti, unalijua?"

"Nani alilitoa topeni?"

"Na hukumwambia mtu?"

"Urbain tu. Na dada zake Urbain. Na Shimun."

Akacheka kidogo. Akajikongoja, akaomba mabuti yake, nikamvisha yote mawili, nikamshika mkono tukatoka kwenye theluji hadi kwenye nguzo. Alisimama akahema. Kisha akapiga kisigino chini. "Hapa," akasema. "Leo sikosi kitu mguuni. Nasema hapa."

Nililia, siwafichi.

Alifariki mwezi wa Machi, na kufa Machi kwetu ni kazi, maana ardhi ni jiwe. Maiti husubiri. Tulimweka kwenye banda la chumvi, kati ya mapipa ya mikunga, na kila nikienda kuchukua samaki nilimwambia, "Samahani, Bwana, napita." Tukaanza kungoja, tena kungoja kwa roho juu. Mto ukivunja barafu kabla ya udongo kulainika, mkaguzi atatukuta na bwana wetu bandani na shimo liko wazi kwa jembe lake.

Mto ukavunja barafu kwanza. Mungu naye ana mzaha wake. Urbain na wanaume wakawasha mioto pale kwenye nguzo, siku mbili mfululizo wakichoma udongo na kukwangua, wakichoma na kukwangua. Padri akauliza kwa nini asizikwe kanisani kama watu. Nikamwambia ni wasia wake. Akaitazama nguzo, akaitazama nyumba yake mwenyewe, ambayo nayo ilikuwa kwenye barua ya Bouvelle, akaenda kuleta maji ya baraka bila swali la pili.

"Shimo hili nalijua," Urbain alisema akiwa ndani hadi kifuani. "Mara ya tatu hii. Tutazoeana."

Tanga lilionekana nyuma ya rasi tukiwa tunafunga kamba za jeneza. Padri alisoma Kilatini mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mkaguzi alishuka wakati maji yamekupwa, na hakuna aliyemwambia kuhusu ubao wa kupitia, kwa hiyo alifika kaburini ana tope hadi magotini. Alikuta kijiji kizima kimevua kofia, wanawake wanalia, na lundo jipya la udongo. Naye akavua kofia. Angefanyaje?

Alingoja kwa adabu, kisha akauliza, "Bamba liko wapi?"

Padri akaonyesha. "Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya Kapteni."

Mkaguzi akafuta tope gotini. "Itabidi afukuliwe."

"Ni Mkristo, amezikwa kwa sala," padri akasema. "Niletee barua ya askofu."

"Askofu yuko Ufaransa hadi mwakani."

"Basi karibu mwakani."

Mkaguzi akamgeukia Urbain. "Wewe ulikuwepo siku ya bamba? Apa."

"Naapa, Bwana. Shimo nililichimba mwenyewe, kwa mikono hii."

Shimun naye alikuwa amefika asubuhi ile na jamaa zake kutoka kwenye mawindo ya msituni. Mkaguzi akamwuliza kama aliona. "Niliwaona wakizika," akasema Shimun. "Nilileta rambirambi."

Hakuna aliyesema uongo siku ile, hata mmoja; padri hakuwa ameambiwa habari ya mchuzi. Nafikiri ndiyo siku pekee katika historia ya kijiji. Mkaguzi akaandika kwamba bamba lipo mahali pake, na mwasisi amelala juu yake. Akapewa mikunga wa kukausha wawili, akaondoka. Kufa kufaana. Bouvelle hakusikika tena.

Watu walipotawanyika, Shimun akakaa karibu na kaburi, akafungua nyama yake ya kukausha. Nikakaa naye.

"Rambirambi za huyu nilishatoa," akasema.

"Uliwahi miaka ishirini na miwili."

"Mlichelewa nyinyi." Akakata kipande, akanipa. "Lakini leo mmezika kitu. Sasa ana majirani. Wazee wangu wamelala pale, nyuma ya tanuri lako."

Nikaacha kutafuna. "Nyuma ya tanuri langu? Miaka yote hii, na hukusema?"

"Nilimwambia Kapteni, mwaka ule wa kwanza. Akaandika kwamba nimempa kilima."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikamwuliza nifanye nini.

"Wewe, hamisha tanuri. Yeye, mwambie apige hodi. Yeye ndiye mgeni."

Nikapiga magoti. Nikaugonga ule udongo mbichi kwa ngumi mara tatu. "Hodi," nikasema, kwa niaba ya Kapteni Hervé Quintric, bila "de" na bila Kerbaz.

Shimun akainamisha kichwa, akasikiliza kitambo.

"Wanasemaje?" nikauliza.

"Bado wanajadiliana," akasema, akakata kipande kingine.